Risiva Haiwaki: Hesabu "Tak" Kabla Hujashika Bisibisi

Ijumaa moja, saa chache kabla ya sendofu ya binti wa mtaani, shemeji alinipigia simu. "Shem, mashine imekufa. Hata taa haitoi." Nilipofika nikakuta vijana wawili wameiinamia uani, skrubu za kifuniko zimeshatolewa na moja imeshapotea mchangani. Risiva yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokufa ni fyuzi ndogo ndani ya plagi ya ekstensheni, kwa sababu kuna mtu alichomeka birika na pasi humohumo. Fyuzi ikabadilishwa, muziki ukapigwa. Ile skrubu haijaonekana hadi leo.

Ndivyo inavyokuwa mara nyingi: mtu anakimbilia ndani ya boksi wakati ugonjwa uko nje. Mwongozo huu unaanzia ukutani na kuingia ndani taratibu, na ninakuomba usiruke hatua hata ukiona ya kitoto. Nikisema risiva simaanishi king'amuzi cha TV. Namaanisha lile boksi zito la muziki linalopokea sauti ya TV, simu, deki au redio, likaikuza na kuipeleka kwenye spika 2, 5 au 7.

Sikiliza kwanza

Risiva ya kisasa ina njia mbili za umeme. Njia ndogo hailali: ukiichomeka tu ukutani, inalisha chipu inayosubiri kidole chako au rimoti. Hiyo ndiyo stendibai. Njia kubwa ni ile transfoma nzito inayokufanya ushike mgongo ukiibeba, na muda wote risiva ikiwa imezimwa, transfoma hiyo imekatiwa umeme na rilei. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku.

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, chipu inaiamuru rilei ifunge. Unasikia "tak". Transfoma inapata umeme, chipu inakagua usalama kwa sekunde chache, kisha rilei ya pili inaunganisha spika: "tak" nyingine, mara nyingi laini kuliko ya kwanza.

Kwa hiyo zima feni, nyamazisha TV, weka sikio karibu na kifuniko, bonyeza kitufe, halafu hesabu.

Hakuna taa, hakuna "tak": umeme haufiki, au njia ndogo imekufa. Taa ya stendibai ipo ila hakuna "tak": chipu iko hai lakini haijasikia amri, imekataa kuitii, au haina nguvu ya kuivuta rilei. "Tak" moja, sekunde chache zinapita, halafu "tak" ya kuzima: mashine inajilinda, kuna kitu imekiona hakikuipendeza. "Tak" mbili na skrini inasomeka ila hakuna sauti: hiyo imewaka bwana, tatizo lako ni jingine, angalia umechagua ingizo lipi na kama hukuinyamazisha kwa rimoti.

Andika ulichosikia kwenye karatasi. Ukienda kwa fundi, mstari huo mmoja una faida kuliko "haiwaki tu".

Kutoka ukutani hadi kwenye plagi

Kosa ninaloliona kila siku ni kupima soketi kwa chaja ya simu. Chaja nyingi za simu hufanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240, hivyo umeme ukishuka hadi 150 simu itaendelea kuchaji kana kwamba hakuna lililotokea, na wewe utaapa kwamba soketi ni nzima. Pima kwa pasi, au kwa balbu ya zamani ya nyuzi uone inavyong'aa. Ukiwa na mita ya kupimia umeme, iweke kwenye volti za AC (umeme wa ukutani), tafuta karibu 230 kwa Tanzania na 240 kwa Kenya. Ikisoma chini ya 200, usiilaumu risiva bado. Saa za jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha majiko na friji, kuna nyumba ambazo risiva husema "tak" na kuanguka palepale kwa sababu umeme hautoshi kuishikilia. Subiri usiku wa manane ujaribu tena.

Kama una kilinda umeme, vile viboksi vinavyowekwa kwenye friji na TV, kumbuka vingi hukawia dakika kadhaa baada ya umeme kurudi kabla ya kuruhusu upite. Vingine huchakaa visiruhusu kabisa. Kivue, na ekstensheni ivue, chomeka risiva moja kwa moja ukutani.

Halafu plagi. Plagi zetu za pini 3 bapa huwa na fyuzi ndani, na plagi ya ekstensheni ina ya kwake. Ifungue. Fyuzi ile haionyeshi ndani kama zile za kioo, kwa hiyo ipime kwa mita kwenye alama ya mlio (ikilia, ni nzima), au ubadilishe kwa iliyo nzima. Kwa risiva nyingi za nyumbani ya ampia 5 inatosha. Ukiwa umeshaifungua plagi, kaza skrubu za waya 3 zilizomo. Waya uliolegea hupata moto, plastiki hubadilika rangi ikawa ya kahawia, na mara nyingine utakuta sehemu ya pini imeungua kabisa.

Waya wa umeme wenyewe unaweza kuwa wa kuchomoa, wa aina ya kompyuta au wa matundu mawili kama wa redio. Azima mwingine ujaribu. Kama umejengewa ndani ya mashine, upitishe mkononi polepole tangu mwanzo hadi mwisho. Mahali panapopendwa na panya ni nyuma ya kabati, pale waya unapogusa sakafu.

Kuna risiva zenye vitufe viwili vya kuwasha, kimoja kikubwa cha kubonyea ndani kinachokata umeme wote, kingine cha stendibai. Mtoto akikibonyeza kile kikubwa, rimoti haitasaidia kitu hata ukibadilisha betri mara kumi. Jaribu kuwasha kwa kitufe cha kwenye mashine kwanza. Ikikubali kwa kitufe na kukataa kwa rimoti, washa kamera ya mbele ya simu, ielekeze rimoti kwenye kamera na ubonyeze. Kwenye skrini ya simu utaona kamwanga kadogo ka zambarau au keupe kakimetameta. Kasipoonekana, rimoti ndiyo mgonjwa.

Iache ipumzike

Umeme ukikatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja, ile chipu ya stendibai inaweza kuganda kama simu inavyoganda. Taa inaweza kuwepo lakini haitii amri. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie kwa sekunde 30 ili mabaki ya umeme yaishe, kisha iache nusu saa. Mimi huwa naiacha usiku kucha, hainigharimu kitu. Asubuhi ichomeke moja kwa moja ukutani, subiri dakika moja, bonyeza.

Zipo pia namna za kuirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja, ila kila toleo lina vitufe vyake na mipangilio yako ya spika itafutika. Tafuta kitabu cha mashine hiyohiyo, usibonyeze kwa kubahatisha.

Vua kila kitu

Hapa ndipo risiva nyingi zenye "tak" moja na kuzima zinapopona, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chomoa umeme. Halafu ondoa waya zote za spika, za HDMI (waya wa picha na sauti unaokwenda kwenye TV), antena, sabufa, USB, zote. Ibaki uchi, na waya wa umeme tu. Sasa washa. Ikiwaka na kubaki imewaka, mashine ni nzima, mchawi yuko kwenye ulichokivua. Rudisha kimoja kimoja, na kila unaporudisha izime kwanza.

Mchawi wa kwanza ni waya wa spika. Chukua taa ya simu, chungulia nyuma ya risiva pale waya zinapoingia kwenye skrubu nyekundu na nyeusi. Unatafuta uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, uliotoroka kwenye wenzake ukagusa skrubu ya pili. Uzi huo mmoja unatosha kuifanya mashine ya wati 100 igome. Sokota waya upya, kata zilizochafuka, hakikisha hakuna shaba inayoonekana nje ya tundu. Kagua na upande wa spika, watu huusahau. Kama waya umepita chini ya zulia au kwenye mlango, ukague pale unapokanyagwa.

Kisha pima kila spika kupitia waya wake, ukiwa umeuchomoa kwenye risiva. Mita kwenye ohmu (kipimo cha ukinzani wa umeme): spika iliyoandikwa 8 itasoma kama 6 au 7, ya 4 itasoma 3 na kitu. Ikisoma sifuri au karibu yake, kuna shoti kwenye waya au spika imeungua. Huna mita? Chukua betri moja ya volti 1.5, igusishe kwenye ncha za waya kwa kitambo kidogo. Spika nzima hutoa mlio wa "puk" na koni yake husogea. Kama kimya, imekatika au kuna shoti njiani.

Kuna na wale wanaounganisha spika nne kwenye tundu moja ili sebule na uani wasikie. Spika mbili za ohmu 8 kwa pamoja zinakuwa 4, nne zinakuwa 2, na risiva nyingi za nyumbani haziwezi kuvumilia 2. Zitawaka, zitapiga nyimbo mbili, zitazima mkianza kuongeza sauti.

Mchawi wa pili ni HDMI. TV na risiva zinaweza kupeana amri za kuwasha na kuzima kupitia waya huo, kwa hiyo unaweza kukuta risiva inawaka halafu TV inaiamuru ilale. Zima mpangilio huo kwenye TV ujaribu. Kama radi ilipiga karibu na dishi au antena, HDMI ndiyo barabara ambayo umeme wa radi huipenda kuingilia, na hapo uharibifu unaweza kuwa kwenye bodi ya HDMI yenyewe.

Taa inapopepesa inazungumza

Taa nyekundu inayopepesa ina maana yake, na kila kampuni ina lugha yake. Kwenye risiva nyingi za Denon, taa ikipepesa kila baada ya sekunde 2 hivi inalalamikia joto, ikipepesa haraka, kila nusu sekunde, inalalamikia spika au kikuza sauti. Onkyo nyingi huandika "CHECK SP WIRE" wazi kabisa. Sony huandika "PROTECT" au "PROTECTOR". Risiva kadhaa za Yamaha zikijilinda mara kadhaa mfululizo hujifunga zisikubali kuwaka kabisa, na mafundi huingia kwenye ukurasa wa siri kwa kushikilia vitufe fulani wakati wa kuwasha, wakasome sababu: "DC PRT" kama kuna umeme wa DC (wa mkondo mmoja, kama wa betri) unaotaka kuingia kwenye spika, "PS PRT" kama njia za umeme wa ndani haziko sawa, "TMP PRT" kama ni joto. Ukiufuata ukurasa huo, fanya bila spika hata moja, kwa sababu njia hiyo inaweza kuiruhusu mashine iwake huku ulinzi wake umelala.

Joto lenyewe halina siri. Risiva inataka nafasi juu na pembeni, angalau sentimita 10 au zaidi, na isiwekwe juu ya king'amuzi wala chini ya kitambaa cha mapambo. Najua kitambaa ni kizuri. Kitoe.

Kama imetoka Japani au Marekani

Sehemu hii inawahusu wengi waliokwenda Kariakoo kutafuta risiva za mtumba, au walioletewa na ndugu. Geuza mashine, soma maandishi madogo nyuma, karibu na waya wa umeme. Ukikuta "AC 100V 50/60Hz" ni ya Japani. "AC 120V 60Hz" ni ya Marekani. "AC 220-240V 50Hz" au "230V" ni ya kwetu. Nyingine zina kijiswichi cha kuchagua nyuma, na huyo aliyeiuza huenda hajakigusa.

Risiva ya volti 100 ikichomekwa kwenye 230 inapokea zaidi ya mara mbili ya inachostahili. Mara nyingi kinachofuata ni "pa!" moja, harufu, na kimya. Lakini usikate tamaa. Kumbuka njia mbili za umeme: kama ilichomekwa tu na haikuwa imewashwa, ile transfoma kubwa ilikuwa imekatwa na rilei, haikuguswa. Aliyekufa ni njia ndogo na walinzi wake, yaani fyuzi, pengine kile kidonge bapa cha rangi ya bluu au njano kiitwacho varista, pengine transfoma ndogo ya stendibai. Vyote hivyo vinabadilishika. Iliyochomekwa huku kitufe kikubwa kimebonyezwa na kuwaka, hiyo bahati yake ni ndogo.

Tiba ya kudumu ni transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 hadi 100, au 110-120 kwa ya Marekani. Angalia wati zilizoandikwa nyuma ya risiva, nunua transfoma yenye uwezo wa mara mbili. Iliyoandikwa 250W, mtafutie ya 500 kwenda juu. Ya 50/60Hz haina shida na umeme wetu wa 50, maana Japani kwenyewe mashariki wanatumia 50 na magharibi 60. Ya 60Hz pekee itapata joto zaidi kwenye transfoma yake, kwa hiyo ipe hewa. Na usishangae redio ya FM ya mashine ya Japani ikikosa vituo vyako vingi: bendi yao inaanzia 76 na inaishia 90 au 95, wakati yetu inakwenda hadi 108. Hiyo siyo ubovu, usimlipe mtu "kuitengeneza".

Kufungua

Kama bado ina waranti, ishia hapa. Kama hujawahi kushika mita, ishia hapa pia, nenda sehemu ya fundi huko chini. Hofu ya ndani ya boksi hili ni ya haki. Kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme) mbili kubwa, zenye ukubwa wa kopo dogo la maziwa, zinaweza kubaki na volti 50 au 60 kila moja baada ya kuchomoa. Na kama njia ndogo ni ya kisasa isiyo na transfoma ya chuma, kapasita yake ya upande wa ukuta inabeba kama volti 325 za DC. Hiyo haikuonyi mara mbili.

1. Chomoa waya ukutani, siyo kuzima swichi tu. Subiri dakika 10.
2. Toa skrubu za juu, pembeni na nyuma, ziweke kwenye kikombe. Vaa viatu vya mpira, mkono mmoja uwe mfukoni unapogusa ndani.
3. Chukua rezista (kipande kinachozuia mkondo wa umeme) ya kilo-ohmu 1 yenye wati 10, miguu yake iwe imelehemewa waya zenye ganda. Gusisha kwenye miguu miwili ya kila kapasita kubwa kwa dakika nzima. Ile ya upande wa ukuta nayo vilevile.
4. Weka mita kwenye volti za DC, pima kila kapasita. Chini ya volti 2, endelea. Juu ya hapo, rudia namba 3.

Usitumie bisibisi kugusisha miguu ya kapasita. Cheche ile inapendeza vijana, inakula bisibisi, na mara nyingine inaua kipande kingine kilichokuwa kizima.

Kabla ya kupima lolote, angalia na unuse. Hewa ya Pwani na chumvi yake huacha ukungu wa kijani kwenye miguu ya shaba. Sisimizi hujenga ndani ya rilei. Mende hupenda joto la stendibai, na mara moja nilimkuta mmoja amekauka katikati ya miguu miwili ya upande wa ukuta, bodi imeungua umbo lake hasa, miguu na vipapasio vyote vikionekana kama mchoro wa mkaa. Safisha kwa brashi ya rangi iliyo kavu na spiriti yenye maji kidogo iwezekanavyo, iache ikauke kabisa.

Vipimo vinavyotoa jibu

Anza na fyuzi. Ipo karibu na waya wa umeme unapoingilia, ni kioo cha milimita 5 kwa 20, imeandikwa kitu kama "T5AL250V". T inamaanisha inachelewa kukatika, na herufi hiyo ni muhimu, kwa sababu transfoma kubwa huvuta umeme mwingi papo ile inapowashwa. Ukiweka isiyo na T itakatika siku ya kwanza, utadhani kuna shoti. Ichomoe uipime kwa mlio. Kama uzi umekatika tu katikati na kioo ni cheupe, huenda ilichoka au umeme uliruka. Kama kioo kimekuwa cheusi au cha fedha ndani, kuna shoti kubwa mbele yake, na fyuzi mpya itakufa vilevile.

Na tafadhali, usizungushie karatasi ya sigara wala uzi wa shaba. Niliwahi kupeleka risiva yangu kwa fundi, ikakaa wiki tatu, ikarudi inapiga vizuri. Miezi miwili baadaye ikaanza kutoa moshi. Nilipofungua nikakuta fyuzi imelehemewa waya mnene pande zote mbili. Transfoma ndiyo iliyogeuka fyuzi.

Fyuzi ikiwa nzima, pima ohmu kwenye pini mbili za plagi, siyo ile ya ardhi, waya ukiwa umechomolewa ukutani. Yenye kitufe kikubwa, kibonyeze ndani. Ukisoma ohmu chache hadi mamia, kuna njia hadi kwenye transfoma. Transfoma ndogo ya stendibai peke yake inaweza kusoma mamia au hata zaidi ya elfu, usiogope. Mita ikikaa kwenye "OL" (yaani hakuna njia ya umeme) na mashine ina transfoma ndogo ya chuma, basi kuna kilichokatika: waya, kitufe, au uzi wa transfoma hiyo, ambayo mara nyingi ina fyuzi ya joto imefichwa chini ya utepe wa njano. Ukisoma sifuri, kuna shoti: angalia ile varista kwanza, ichomoe mguu mmoja upime tena.

Njia ndogo ikiwa hai kwa nusu, ndiyo ile hali ya taa ipo ila "tak" haitoki, au inatoka hafifu kama mtu anayegonga mlango kwa aibu. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita ndogo za stendibai. Angalia vichwa vyao: kilichovimba, au chenye ute wa kahawia chini, toa. Lakini kilichonyooka siyo ushahidi kwamba ni kizima. Hukauka ndani bila kuvimba, hasa zilizokaa karibu na chuma cha kupoozea. Weka yenye mikrofaradi (kipimo cha uwezo wa kapasita) zilezile, volti sawa au juu zaidi, na iliyoandikwa 105°C, siyo 85. Angalia alama ya mstari wa hasi kabla hujalehemu, maana ukigeuza itapasuka.

Kwa "tak" moja na kuzima ambayo haikupona hata bila spika, nenda kwenye transista (vipande vya miguu mitatu vinavyokuza sauti) kubwa zilizofungwa kwenye chuma cha kupoozea. Mita kwenye alama ya dayodi, pima mguu wa kati na wa pembeni kulia. Ikilia, au ikisoma sifuri pande zote, imepiga shoti. Usibadilishe moja pekee. Zinafanya kazi kwa jozi, kwa mfano 2SC5200 na 2SA1943, na mwenzake huwa ameumia pia, pamoja na rezista nyeupe za saruji zilizo jirani na transista ndogo zinazoziendesha. Ninawaambia watu ukweli: hapa ndipo kazi ya nyumbani inapoishia kwa wengi. Transista feki zimejaa madukani, zina maandishi mazuri na chipu ndogo ndani, na zitaungua mara ya kwanza ukipandisha sauti.

Ukienda kwa fundi

Mpelekee mashine, rimoti, na ile karatasi ya "tak". Mwambie kilichotokea hata kama ni aibu, kwamba umeme ulikatika, kwamba soda ilimwagika, kwamba uliichomeka ya 100 kwenye 230. Atapata ugonjwa haraka na utalipa kidogo. Kubaliana gharama ya kupima kabla ya gharama ya kutengeneza, na umuombe akurudishie vipande alivyotoa. Fundi mzuri hakasiriki kuombwa hivyo. Akikuambia "bodi kuu imekufa" bila kukuonyesha kipimo chochote, chukua mashine yako, asante, nenda kwa mwingine.

Kuiwasha baada ya matengenezo

Usiichomeke moja kwa moja ukutani. Tafuta balbu ya zamani ya nyuzi, ya wati 60 hadi 100, siyo ya LED, ikiwa kwenye holda. Kata waya mmoja wa ekstensheni, ule wa moto (unaoleta umeme), uiunge balbu hapo katikati, ili umeme upite kwenye balbu kwanza ndipo ufike kwenye risiva. Funika viungo vyote kwa utepe. Washa bila spika. Balbu ikimulika kwa nguvu mara moja kisha ikafifia, hakuna shoti. Ikibaki inang'aa kama taa ya sebuleni, zima haraka: shoti bado ipo, na balbu imeokoa vipande ulivyonunua. Mashine nyingine hazitakubali kukaa zimewaka kupitia balbu kwa kuwa umeme unapungua, hilo peke yake lisikutishe ikiwa balbu imefifia.

Ikipita hapo, chomeka ukutani, subiri "tak" zote mbili. Mita kwenye milivolti za DC, pima kila tundu la spika bila muziki. Chini ya 50 ni salama, ikizidi 100 kuna kitu hakijakaa sawa upande huo. Kisha unganisha spika moja ya bei rahisi, ile usiyoilia ikiungua, piga muziki kwa sauti ndogo nusu saa huku mkono ukigusa kifuniko mara kwa mara. Spika zako nzuri ziache kabatini hadi kesho yake.